Usikiamini kipimajoto cha kifuniko

Umeuliza kwa nini jiko la moshi, lile la kuivisha nyama polepole kwa moshi, linaonyesha nyuzi 110 za Selsiasi na nyama bado mbichi ndani. Kipimajoto cha kifuniko kinapima hewa ya juu, siyo pale nyama ilipolala, na tofauti ya nyuzi 15 au zaidi si ajabu. Kabla hujabadilisha jiko, nunua kipimajoto cha sindano mbili: moja ikae kwenye wavu, sentimita 5 hivi kutoka kwenye nyama, nyingine ichomwe katikati ya mnofu, isiguse mfupa.

Kijaribu kwanza, tafadhali. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, tumbukiza ncha katikati. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 3, toa 3 kila unapopima.

Sasa joto la ndani ya mnofu: kuku afike nyuzi 74. Kidari cha ng'ombe hulainika karibu na 95, lakini njiani hukwama kwenye 70 hivi, hata saa kadhaa, kwa sababu unyevu unaovukizwa unakipoza. Hapo wengi huongeza moto na kukikausha. Kifunge kwenye foili tu. Joto litapanda tena.