Pima tishari kwanza, boti baadaye

Ukisimama juu ya daraja la Eads pale St. Louis, Marekani, utaziona boti za mto Mississippi zikipita chini yako. Kwa jina ni boti za kuvuta, lakini kazi yake ni kusukuma: matishari, yaani vyombo bapa vya mizigo visivyo na injini, hutangulia, boti hufuata nyuma. Kila ushauri nitakaokupa wewe unayeanza kuunda modeli zake kwa mkono unatokana na hilo.

Modeli yangu ya kwanza niliiunda kwa skeli ya 1:48, yaani ndogo mara 48 kuliko boti halisi, nikivutiwa na winchi na ngazi za sitahani. Ikatoka vizuri. Nilipoligeukia tishari ndipo nikapiga hesabu: tishari la kawaida la mto ule lina futi 195 kwa 35, karibu mita 59 na nusu kwa 10.7. Kwa skeli yangu, moja tu lilikuwa sentimita 124, na gari langu halikulimeza. Sasa natumia 1:96. Tishari linakuwa sentimita 62, na msafara wa matishari 15, matatu kwa upana na matano kwa urefu, unafika mita tatu na ushei. Kwa hiyo pima tishari, pima na gari lako, ndipo uchague skeli.

Omo ya boti, yaani sehemu yake ya mbele, haichongoki kama ya jahazi. Ni pana, imekatwa wima, na ina nguzo mbili nene za kusukumia ambazo mabaharia wa huko huziita magoti. Zigundishe mwisho kabisa, tishari likiwa limeelea mbele yake. Goti moja likitangulia hata kwa milimita, msafara wote utakwenda upande.

Tezi, yaani sehemu ya nyuma, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Boti ya rafadha mbili, yaani mapanga yanayozunguka majini kuisukuma, kwa kawaida ina sukani sita, yaani mabapa ya kuigeuzia: moja nyuma ya kila rafadha, na mbili mbele yake. Hizo nne za mbele niliziacha, nikisema zimo chini ya maji, nani atazitazama? Siku ya kwanza bwawani upepo ukashika matishari matupu. Nikarudisha nyuma, nikakata usukani, boti haikugeuka hata kidogo. Rafadha ikizunguka kinyume hutupa maji kuelekea omo, na sukani za nyuma hubaki bila mkondo wa kuzipa nguvu. Zilizo mbele ndizo hufanya kazi. Nililazimika kubomoa tezi nzima. Weka zote sita tangu mwanzo, na zile nne uzipe mota yake ya usukani, maana hata rubani wa boti halisi huziongoza kwa wenzo wa peke yake.

Jambo jingine ni farumi, yaani uzito unaowekwa ndani ili boti izame kiasi kinachofaa. Kabla hujafunga sitaha, iweke boti ielee kwenye beseni na upange vipande vya madini ya risasi taratibu hadi maji yafike kwenye mstari uliouchora. Anzia karibu na tezi, kisha uende mbele kidogo kidogo: rafadha zisipozama zote, zitakoroga hewa tu.