Barua uliyoifuta bado ipo

Ofisini kwetu, Dar es Salaam, tunafanya kazi ya uwakala wa forodha. Kontena moja tu linaweza kuzaa barua pepe ishirini, kila moja na skani zake za PDF, kwa hiyo Thunderbird, programu yangu ya barua pepe, haifungwi mchana kutwa. Mwaka jana ikaanza kugoma. Nabofya barua, kiduara kinazunguka. Nakwenda kumimina chai, narudi, bado kinazunguka. Jamaa mmoja akanishauri ninunue RAM. Bahati nzuri mfukoni palikuwa pakavu.

Jumamosi moja nikaikalia. Nikaingia Help, kisha Troubleshooting Information, nikafungua folda ya profaili, yaani pale Thunderbird inapoweka barua na mipangilio yake. Akaunti yetu ni ya POP, yaani barua hushushwa kwenye kompyuta yenyewe, basi barua zimo kwenye folda ya Mail. Humo nikakuta faili linaitwa Inbox: GB 11! Na kwenye programu naona barua mia tatu hazifiki.

Kumbe Thunderbird, usipoibadilisha, huweka barua zote za folda moja ndani ya faili moja la mtindo wa mbox. Ukifuta barua, inatiwa alama tu kwamba imefutwa. Maandishi na viambatisho vinabaki palepale mpaka faili libanwe (compact), yaani liandikwe upya bila zilizofutwa. Programu ilikuwa ikiniuliza kama ibane, nami kwa haraka zangu nabofya hapana. Nijilaumu mwenyewe.

Kabla ya kubana, funga programu unakili profaili nzima kwenye diski ya nje. Halafu hakikisha kompyuta ina nafasi, maana faili jipya huandikwa kwanza ndipo la zamani litupwe. Mimi nilikwama hapo mara ya kwanza. Kisha File, Compact Folders, uiache ifanye kazi. Inbox yangu ilishuka chini ya GB 2.

Folda ikionyesha barua tupu au zilizovurugika, fungua Properties zake ubofye Repair Folder. Hiyo hujenga upya faharasa, yaani faili la .msf lenye orodha ya barua za folda. Ukishuku programu-jalizi (add-ons), shikilia Shift unapoifungua Thunderbird, iamke bila hizo.

Antivairasi nayo ilinichelewesha: ikiingia barua moja mpya, inakagua faili zima upya. Niliiambia iiruke folda ya profaili, ila kiambatisho nikikihifadhi nje, kinakaguliwa kama kawaida.

Folda ya Sent usiisahau. Yangu ilikuwa na GB 3 za skani nilizotuma mwenyewe.