Triga Hairudi Mbele

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Houston, kadi ya kijani ninayo. Nimejiundia AR-15 kwa vipuri vya kuagiza. Nikibana triga inapiga, nikiachia hairudi, imelala tu mpaka niisukume kwa kidole. Tena uwanjani baadhi ya risasi hazikuwaka, kapsuli, kile kiwashio cha kitakoni mwa risasi, ina alama ndogo kama ya kucha. Aliyeniuzia anasema triga ni mbovu, ninunue nyingine ya dola mia mbili. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Hela iache mfukoni kwanza. Kwa dalili hizo mbili kuja pamoja, mimi natuhumu springi kabla ya triga: umezipachika kinyume, tena zote mbili.

Toa magazini, vuta bolti, chungulia chemba kisha ipapase kwa kidole. Risasi zote zitoke nje ya chumba unachofanyia kazi. Ndipo utenganishe sehemu ya juu na ya chini.

Angalia springi ya triga. Miguu yake iende mbele, ikanyage sakafu ya risiva, yaani mwili wa bunduki unaobeba triga. Ikigeuzwa, triga haina wa kuirudisha. Springi ya nyundo ndiyo inayowasumbua wengi: miguu yake inaelekea nyuma na kulala juu ya pini ya triga, mmoja ukiingia kwenye mfereji mwembamba wa pini ile ili isichomoke. Ukiipachika kinyume, nyundo inaanguka kivivu. Hiyo kucha uliyoiona kwenye kapsuli imetoka hapo.

Ukishazigeuza, jaribu bila risasi. Nyundo izuie kwa dole gumba kila mara, usiiache igonge risiva tupu. Rudisha nyundo nyuma, swichi iweke kwenye usalama, bana: nyundo isitoke. Weka kwenye kupiga, bana: itoke. Sasa endelea kubana triga hivyo hivyo, rudisha nyundo nyuma kwa mkono mpaka inaswe na diskonekta, ile ndoano inayoishika nyundo wakati triga bado imebanwa, halafu achia triga taratibu. Utasikia "ta", nyundo imehamia kwenye jino la triga na imetulia. Rudia mara kadhaa.

Nyundo isiponaswa hapo, au ikiponyoka unapoachia, usiitie hata risasi moja. Mpelekee fundi mwenye leseni. Bunduki inayotoa risasi mbili kwa mbano mmoja inaweza kumuua jirani yako wa meza ya pili, na sheria ya shirikisho inaihesabu kuwa bunduki ya rashasha. Na tupa ya kusugulia chuma usiishike kabisa! Vijana wanapenda kusugua jino la triga "liwe laini", kumbe chuma kigumu ni utando mwembamba wa juu tu; ukiisha, jino linalika na nyundo inateleza.

Kwa kuwa mnasoma wengi: wewe wa kadi ya kijani, Texas, ambaye sheria haijakukataza kumiliki silaha, unaruhusiwa kujiundia ya matumizi yako mwenyewe. California na New Jersey wana masharti yao makali. Wanafunzi wa viza, nyinyi kwa kawaida hata kuishika hamruhusiwi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Na walioko Tanzania na Kenya, kuunda silaha bila leseni ni jela, gobore la kijijini nalo limo.