Mwarobaini, muiri na chupa ya Muthurwa: maswali yenu ya mitishamba

Wiki hii mmeniletea majani, magome na chupa moja. Mimi ni mfamasia, lakini nyanya yangu alikuwa na sufuria ya miti isiyotoka jikoni, kwa hiyo sitamcheka mtu.

Mtoto wangu wa miaka miwili ana homa. Jirani anasema ni malaria, nimnyweshe mwarobaini. Nimpe? – Mama, Kayole

Usimpe, mama. Mti huu umeitwa mwarobaini kwa kuaminiwa kutibu maradhi arobaini, lakini mafuta yake yamewahi kuwadhuru watoto wadogo: kutapika, degedege, hata kuzimia. Halafu hiyo malaria imepimwa na nani? Nairobi iko juu na ina baridi, malaria haienei hapa kama kule Kisumu au Pwani. Kama hamjasafiri majuzi, homa hiyo huenda ni ya kifua, sikio au mkojo. Mpeleke kituo cha afya leo wamdunge kidole. Akishikwa na degedege au akikataa kunywa, usingoje kupambazuke.

Nina miaka 67, naamka mara tano usiku kukojoa. Nachemsha gome la muiri na naona nafuu. Hospitalini nimepewa vidonge, ila muiri sijautaja. – Mzee, Dagoretti

Shikamoo mzee wangu. Hukupotea njia. Muiri, kwa jina la kisayansi *Prunus africana*, ni mti wa misitu yetu ya milimani, na huko Ulaya dawa inayokamuliwa kwenye gome lake huuzwa kama vidonge vya tezi dume iliyokua. Kuna utafiti ulioonyesha kwamba hupunguza zile safari za usiku.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni hiyo nafuu yenyewe. Haikuambii tezi imekua kwa sababu gani. Saratani ya tezi dume inaweza kukaa kimya muda mrefu, na wewe huku unahesabu umeamka mara mbili badala ya tano, unafurahi. Muulize daktari kama umepimwa damu kipimo cha PSA, kile kinachosaidia kutafuta dalili za saratani hiyo. Ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo ukiziba kabisa, hiyo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu siri: baadhi ya vidonge vya tezi hushusha presha, mtu akisimama ghafla anapata kizunguzungu. Daktari asipojua unakunywa nini kingine, atakisia tu. Mwandikie kwenye karatasi: gome gani, unachemsha kiasi gani, vikombe vingapi kwa siku. Wapo watakaokukunjia uso. Wakunje, mradi iingie kwenye faili.

Na anayekuuzia gome, muulize analitoa vipi. Mti ukibanduliwa gome kuuzunguka wote hufa. Uvunaji wa namna hiyo ndio uliofanya biashara ya muiri kati ya nchi na nchi iwekwe mwaka 1995 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Nina sukari, nameza glibenklamidi. Juisi ya karela kila asubuhi ina ubaya? – Dada, Ngara

Karela, ile mboga chungu, ikiwa kwenye mchuzi kula kwa raha zako. Juisi yake ni habari nyingine, kwani inashusha sukari na kidonge chako nacho kinashusha. Ukiingia matatu ukitokwa na jasho na mikono inatetemeka, hiyo ni sukari imeshuka: kunywa soda, isiwe ile ya bila sukari. Kisha ongea na kliniki yako kabla ya glasi nyingine.

Dawa ya chupa niliyonunua Muthurwa iliondoa maumivu ya magoti ya mama kwa siku mbili. Haijaandikwa imetengenezwa kwa mti gani. Aendelee? – Kijana, Umoja

Hizo siku mbili ndizo zinanitia shaka. Mitishamba ya viungo haina mbio hivyo. Wakaguzi katika nchi mbalimbali wamekuta "mitishamba" iliyochanganywa kisiri na dawa za steroidi kama deksamethasoni, ambazo huondoa maumivu upesi, kisha uso unavimba, presha na sukari zinapanda, mifupa inalegea. Dawa halali ya mitishamba huwa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na kilichomo kimeandikwa.

Kama ameitumia siku hizo mbili tu, aiache. Kama ni wiki kadhaa, asikatize ghafla, maana mwili uliozoea steroidi huacha kujitengenezea yake na mtu anaweza kuanguka. Mpeleke hospitali kesho asubuhi, na chupa uibebe hata kama imebaki tone.