Maswali na Majibu: Kupima VVU Kazini, Majibu ni ya Nani?

Ndugu Mhariri,
Mimi ni afisa utumishi katika kiwanda cha nguo mjini Morogoro. Mwaka jana tuliwaalika wataalamu wa afya wapime VVU kwa hiari, wakafunga hema karibu na geti, nasi tukaahidi fulana kwa idara itakayopima watu wote. Waliojitokeza walikuwa wachache mno. Safari hii uongozi unataka niwasilishe majina ya waliopima na wasiopima. Nifanyeje?
Afisa Utumishi, Morogoro

Majina hayo usiyatafute, na ni vema uongozi uelezwe kwa maandishi kwa nini huwezi kuyaleta. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, tena inataka majibu yake yatunzwe kwa siri. Mtu anaweza kusema kwamba orodha ya waliopima haina majibu ya yeyote, lakini ikishafika mezani kwa meneja hiari imekwisha, kwa kuwa kila ambaye hayumo atadhaniwa ana la kuficha. Fulana nazo zilifanya kazi hiyohiyo kwa sura ya kirafiki: idara ikikosa zawadi kwa ajili ya mtu mmoja, wenzake watamjua na watamwandama. Waombe wataalamu idadi ya jumla ya kiwanda kizima, wala isigawanywe kwa idara, maana katika idara ya watu watano hata tarakimu hutaja jina.

Kuhusu uchache wa waliokuja, mimi ningeanza kulichunguza hema lenyewe. Kipimo cha haraka hutoa majibu kwa muda wa robo saa au dakika 20. Kikionyesha maambukizi, damu hupimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine kabla ya mtu kuambiwa lolote, kisha hufuata ushauri nasaha ambao hauharakishwi. Sasa mfikirie fundi cherehani aliyeketi kwenye benchi akingoja kuitwa. Aliyemtangulia ametoka mapema, wa pili naye mapema, wa tatu anakaa humo karibu saa nzima. Hakuna aliyetoboa siri, lakini benchi zima limeshajua, au linaamini limejua, na anayefuata anakumbuka ghafla kwamba ameacha mashine haijazimwa.

Kwa hiyo msipime VVU peke yake. Wekeni pia vipimo vya shinikizo la damu, sukari na uzito pamoja na uchunguzi wa dalili za kifua kikuu, na kila anayepita akae na mnasihi kwa muda unaolingana, hata yule aliyesema hataki kupima VVU. Mlango wa kuingilia usiwe wa kutokea, na benchi liwe mbali. Wakuu wa idara na meneja mwenyewe wapite mapema, kama Rais Jakaya Kikwete na mkewe, Mama Salma, walivyopima hadharani Julai 2007 wakati wa kuzindua kampeni ya kitaifa ya upimaji wa hiari. Lakini meneja asitangaze majibu yake, kwa sababu akiyatangaza ya kwake atawafanya wengine wajione wanadaiwa ya kwao. Kwa asiyetaka hema kabisa, marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yameruhusu mtu kujipima mwenyewe. Afahamishwe tu kwamba kipimo cha nyumbani kikionyesha maambukizi ni lazima athibitishe kituoni, na kwamba hakimfai aliyekwisha kuanza dawa, kwani kinaweza kumdanganya.

Liko jambo moja ambalo barua yako haikuligusa, nalo naliona kubwa kuliko yote uliyouliza. Shirika la Kazi Duniani lilipoanzisha mpango wake wa upimaji wa hiari kazini mwaka 2013 liliweka lengo la kuwafikia wafanyakazi milioni 5, na idadi kama hiyo humfanya mwajiri ahesabu vidole vilivyotobolewa, asiulize waliokutwa na maambukizi wamefika wapi. Tangu mwaka 2016 anayekutwa na VVU hapa nchini huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke, na dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya umma. Kabla ya siku ya hema, zungumzeni na mratibu wa UKIMWI wa halmashauri, ili mnasihi awe tayari kumsindikiza mtu hadi kliniki anayoitaka mwenyewe, pengine mbali na kiwanda, na saa atakazotumia zisikatwe kwenye mshahara.

Ndugu Mhariri,
Natumia dawa za kufubaza VVU na afya yangu ni njema. Nafanya kazi kwa zamu, na msimamizi wangu ameanza kuuliza kila mwezi naenda hospitali kufanya nini. Kopo la dawa nalo linalia ndani ya mkoba.
Mama wa zamu, Tanga

Pole, mama. Huwajibiki kumtajia msimamizi ugonjwa wako. Cheti kinachoonyesha kwamba ulihudhuria hospitali siku fulani kinatosha, na omba kisiandikwe jina la kliniki. Lakini waulize wahudumu kwa nini bado unakwenda kila mwezi, kwa kuwa mteja ambaye dawa zimemkaa vizuri na virusi vimefubaa anaweza kupewa za miezi mitatu au hata sita kwa mara moja. Ikiwa unatumia kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir, unaweza kukimeza umekula au hujala. Tafuta saa ambayo upo nyumbani katika zamu zote, na kopo halitakuwa na haja ya kwenda kazini. Ukiandikiwa vidonge vya madini ya chuma au dawa ya kiungulia, mweleze mfamasia, maana havimezwi kwa wakati mmoja na dolutegravir.

Ndugu Mhariri,
Nimepata kazi ya udereva, lakini fomu ya vipimo niliyopewa ina VVU. Nikikataa, nafasi inaondoka. Wana haki hiyo?
Dereva, Dar es Salaam

Hawana. Kupima macho ya dereva ni halali, kwa sababu macho yanahusika na kazi, VVU haihusiki. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya VVU, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Waombe kwanza kwa upole wakifute kipimo hicho, kwani wapo waajiri wanaotumia fomu ya zamani bila kuisoma. Wakikunyima nafasi, una siku 60 za kufungua shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa kujaza Fomu Namba 1. Fomu yao ya vipimo ipige picha kabla ya kuirudisha.