Mpira wa kwanza ni wa ngazi: kwa askari wapya wa zimamoto

Wengi wenu mmetoka chuo cha polisi cha Kabalye, hapa Uganda, na mafunzo ya kawaida ya polisi, mkapangiwa zimamoto na uokoaji, na sasa mnafundishwa pampu, mipira ya maji, mafundo ya kamba na seti za kupumulia. Yashikeni yote. Mimi nataka kuongeza somo ambalo halina kifaa chake: kulisoma jengo. Apatimenti ikiwaka viungani mwa Kampala, Najjera, Kyaliwajjala au Bweyogerere, mara nyingi jengo lenyewe hubaki limesimama. Watu ndio hawabaki. Wanakutwa kwenye ngazi, au nyuma ya grili ya dirisha, kwa sababu ngazi ilijaa moshi kabla hawajaifikia. Ndiyo maana ninasema, na nitaendelea kusema kwa kila kuruti anayekuja kwetu, kwamba mpira wa kwanza unaoingia ndani ni wa kulinda ngazi.

Tazameni jinsi majengo haya yanavyojengwa. Ghorofa tatu au nne, nyumba mbili hadi nne kila ghorofa, na ngazi moja tu katikati. Nguzo na boriti ni zege lenye nondo, kuta ni matofali ya kuchoma yaliyopigwa plasta. Vitabu vingi vya kazi yetu vimeandikwa Marekani, ambako nyumba nyingi ni za mbao na moto hupita ndani ya kuta. Kwetu ukuta wa tofali unaweza kumkinga jirani kwa muda mrefu. Lakini ukuta huohuo hulitunza joto ndani. Chumba cha matofali chenye madirisha yaliyofungwa huishiwa hewa mapema, moto ukafifia, moshi mzito ukabaki na joto lake lote. Ukifika ukaona mwanga hafifu na moshi unaosukumwa nje kupitia pembe za dirisha, usidhani moto unakufa. Unakosa hewa tu, na mlango utakaoufungua ndio utakaoupa.

Vitu vilivyomo ndani navyo vimebadilika. Sofa ya kisasa, iwe ya dukani au ya mafundi wa Nsambya, ni sponji juu ya fremu ya mbao, na sponji ile inatokana na mafuta ya petroli. Maabara ya UL ya Marekani iliwahi kuchoma vyumba viwili vya kulinganisha. Chenye samani za kisasa kililipuka chote kwa moto chini ya dakika 5. Chenye samani za zamani za mbao na pamba kilichukua zaidi ya dakika 29. Mkiwa bado mmekwama kwenye foleni ya Jinja Road, dakika hizo 5 zimeshapita. Kwa hiyo mnapofika, chukulieni kwamba chumba chenye moto kimeshawaka chote au kinangoja hewa, na mpange kazi kwa msingi huo.

Sasa turudi kwenye ngazi. Mnamo Desemba 2017, katika jengo la ghorofa 5 huko Bronx, New York, mtoto mdogo alichezea jiko la nyumba ya chini. Mama akawatoa watoto wake akakimbia, mlango ukabaki wazi. Moto ukaingia kwenye ngazi na kupanda juu, na watu 13 wakapoteza maisha. Jengo hilo halina tofauti kubwa ya kimo na apatimenti zetu. Mlango mmoja ndio uliofanya ngazi iwe njia ya moshi badala ya njia ya watu. Kila mnapofika, swali la kwanza kabla ya “moto uko wapi” liwe “mlango wa nyumba inayowaka umefungwa au uko wazi?” Waliotoka nje wanajua. Mwulize mtunza nyumba, mwulize aliyetoka bila viatu, maana huyo ndiye aliyekimbia mwisho.

Milango yetu mingi ya kuingilia ni ya chuma, na ukiiangalia kwa makini inakupa habari nyingi. Rangi ya mafuta juu ya chuma huanza kuvimba na kutoa malengelenge kutokea juu kushuka chini. Mlango mmoja niliousimamia ulikuwa umevimba rangi hadi usawa wa kitasa, na chini ya hapo rangi ilikuwa ng'avu kana kwamba imepakwa juzi. Mstari ule ulituonyesha tabaka la joto lilipofika ndani. Tukajua kwamba mtu aliyelala sakafuni bado angeweza kuwa hai, na tukajua kwamba tukiingia tumesimama tutaungua mabega. Tuliingia kwa magoti. Pitisha tochi mlangoni kabla hujaushika, kisha uguse kwa mgongo wa glovu, kuanzia chini.

Mkishausoma mlango, kazi inakwenda hivi. Mpira unafika kwenye kizingiti ukiwa na maji tayari, nozeli imejaribiwa, na askari mmoja ameshika mlango wenyewe. Kazi ya huyo wa mlango wapya huidharau, kumbe ndiye anayeamua ngazi itakuwaje. Anaufungua kiasi cha kuwapitisha wenzake na mpira, kisha anaurudisha karibu kufunga, na habanduki hapo. Wakati huohuo hakuna anayepanda ghorofa za juu kwa kupita mbele ya mlango ule ambao hauna mpira. Najua ni vigumu. Mama anapiga kelele kutoka ghorofa ya tatu, na moyo wako unataka kupanda. Ukipanda bila ngazi kulindwa, moshi utakufuata, na yule mama atakuwa na mgeni wa kukwama naye. Ambao mlango wao umefungwa na moshi haujaingia, mara nyingi ni salama zaidi wakibaki ndani, wakiziba nafasi ya chini ya mlango kwa nguo zilizoloweshwa na kukaa dirishani, kuliko kuteremka kwenye moshi. Waambieni hivyo kwa sauti, kwa Luganda, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote wanayoijua, na mmoja wenu abaki chini akiwatazama ili wasijione wametelekezwa.

Kuna nyakati mlango haufunguki upesi. Kufuli liko ndani, pale kwenye tundu dogo la kupitisha mkono, na funguo hazionekani. Msikae mkitazama. Kama moto unatoka dirishani, piga maji kutoka nje kupitia dirisha hilo, mshale ulionyooka ukielekezwa darini, sekunde chache tu, kisha nendeni mlangoni. Majaribio yaliyofanywa Governors Island, New York, mwaka 2012 yalionyesha kwamba maji ya namna hiyo hupoza chumba na hayausukumi moto kwa watu walio ndani, mradi usiyatawanye kama manyunyu. Manyunyu huziba dirisha ambalo moshi unatokea na kusukuma hewa ndani. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huwa karibu lita 1,700, kwa hiyo maji machache yaliyofika mahali pake yanatosha kuliko mengi yaliyomwagwa ukutani.

Grili za madirisha ndizo zinazoniumiza zaidi. Watu wameziweka kwa kuogopa wezi, na siwalaumu, lakini mara nyingi hazina hata sehemu moja inayofunguka kwa ndani. Hadi veranda za juu zimefungwa kwa nondo. Ngazi yetu ya kuegemeza inafika dirishani, na mtu yuko pale umbali wa mkono, na hamwezi kumtoa. Kwa hiyo mashine ya kukatia chuma na mtaimbo viteremke garini pamoja na mpira wa kwanza, si baadaye. Kabla ya kukata nondo mojamoja, angalia fremu imeshikwaje. Nyingi zimechomekwa kwenye plasta kwa vipande vifupi vya chuma pembeni, na mtaimbo ukiingizwa hapo pamoja na nyundo nzito unaweza kuing'oa fremu nzima haraka kuliko kukata. Nyingine zimechomelewa kwenye fremu ya dirisha yenyewe, na hizo hazina njia ila msumeno. Jifunzeni kutofautisha mchana, kwenye majengo yanayojengwa.

Paa ni habari nyingine. Chini kote ni zege, lakini ghorofa ya mwisho mara nyingi haina slabu juu yake. Kuna dari ya jipsamu au ya PVC, juu yake kenchi za mbao za mkaratusi, kisha mabati. Kuta zinazotenganisha nyumba huishia usawa wa dari, kwa hiyo chini ya mabati kuna uwazi mmoja unaopita juu ya nyumba zote. Moto ukipenya darini katika nyumba ya mwanzo, jirani wa mwisho ataona moto unamshukia kutoka juu hali ukuta wake haujaguswa. Usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020 jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere liliungua, na kila aliyeliona asubuhi aliona jambo hilohilo kwa ukubwa: paa limekwisha, kuta zimesimama.

Kwa hiyo moto wa ghorofa ya mwisho una sheria yake. Kabla ya kuingia ndani zaidi, toboa dari karibu na mlango kwa upondo wenye ndoana na uangalie juu. Kama kuna moto juu yako, usipite chini yake. Pelekeni mpira wa pili kwenye nyumba ambayo moto haujafika, mvute dari huko na muukabili ukija. Dari ya PVC hulainika na kudondoka vipande vya moto, na moshi wake una asidi inayochoma macho na mapafu, kwa hiyo seti ya kupumulia haivuliwi hata moto ukishazimika na mko kwenye kusafisha. Juu ya mabati msipande. Mbao za kenchi hazionyeshi zimeliwa kiasi gani, na mabati hayasemi kitu hadi yakubebe nayo.

Kuhusu slabu nitasema kwa kifupi, ingawa watu huiamini kupita kiasi. Ghorofa nyingi zimemwagwa kwa mabloku ya udongo yenye matundu, yale mafundi huyaita maxpan, yakiwa kati ya mbavu za zege. Yakipata joto kali kisha maji baridi, sehemu ya chini ya bloku hupasuka na kuanguka. Mara nyingi slabu haijaanguka, lakini kipande kile ni kizito na kinakuangukia kichwani. Anzeni kupoza dari mkiwa mlangoni, ndipo muingie. Na kama kuna boriti ya chuma, kama zile za maduka ya chini yaliyofunguliwa mbele, kumbukeni kwamba chuma hupoteza kama nusu ya nguvu zake kinapokaribia nyuzi 600 za Selsiasi, na kabla ya hapo hurefuka. Boriti ya mita 10 inaweza kurefuka sentimita 6 au zaidi na kuusukuma ukuta nje. Ukiona ufa mpya kwenye kona ya ukuta wa duka, ondoa watu mbele yake.

Maji yahesabuni. Gari lenye lita 3,000 likitoa lita 400 kwa dakika linakauka kwa dakika saba na nusu. Dereva wa pampu awe anatangaza: robo tatu, nusu, robo. Walio ndani wasikie nusu wakiwa bado wana njia ya kutoka. Na kila lita iliyobaki juu ni kilo moja juu ya slabu, kwa hiyo maji yasiyopata njia ya kushuka yatafutiwe. Matanki meusi ya plastiki yaliyo juu ya majengo ni akiba nzuri kama mna pampu ndogo ya kubebeka. Lakini tanki la lita 10,000 lililojaa ni tani 10, na likiwa juu ya mnara wa chuma ulio karibu na moto, kaeni mbali na miguu yake.

Chini ya ngazi ndipo boda boda hulala usiku, tanki la petroli likiwa na mafuta, na ukutani hapohapo zimepangwa mita za Yaka, zile za umeme wa kulipia kabla. Moto unaoanzia pale umeshakamata njia pekee ya kutokea kabla hata hamjapigiwa 999. Hapo mpira wa kwanza hauna cha kutafuta, uko kwenye ngazi tayari. Anzeni maji mkiwa mlangoni kwa chini, na wa pili aweke ngazi ya kuegemeza kwa madirisha ya nyuma. Mtungi wa gesi unaowaka kwenye valvu usiuzime kama huwezi kuifunga. Upoze kwa maji kutoka nyuma ya ukuta, uwake hadi uishe au valvu ifungwe. Gesi ikitoka bila kuwaka ni nzito kuliko hewa, itatambaa chini na kuitafuta sigiri ya jirani.

Nanyi mkiwa na zamu isiyo na wito, tembeeni mitaa ya eneo lenu mkiwa na daftari. Ongeeni na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, na watunza nyumba kwa heshima, bila kuwatisha na sheria. Mwulize kila mtunza nyumba mambo manne: geti la ngazi hufungwa saa ngapi na funguo hulala kwa nani, boda boda ngapi huingizwa ndani, paa lina slabu au mabati, na nani humo ndani hawezi kutembea. Andika namba ya nyumba ya huyo wa mwisho kwa wino, na uipeleke kwa kiongozi wa zamu siku hiyohiyo.