Bright, shiny na brilliant: jibu kwa mdogo wangu anayesomea kuongoza watalii (tour guide) Moshi

Mdogo wangu, umeuliza kama bright ni sawa na shiny maana mgeni alikushangaa uliposema viatu vyake ni bright. Alishangaa coz viatu vyeusi vilivyopigwa kiwi ni shiny, yaani vinang'aa kwa mwanga unaodunda juu yake, ila raba za njano kali au pinki ile ya kuumiza macho ndo bright.

Mcheki yule kwenzi anayewadandia wageni kwenye lunch box, wao wanamwita superb starling. Mgongo wake wa bluu unaometameta juani hapo sema shiny, tumbo la chungwa sema bright orange, ukiweza kuvitaja vyote viwili kwa pamoja mgeni anakuelewa fasta na camera inatoka.

Mwezi mpevu usiku wa kupanda kwenda kileleni, bright. Tochi ya kichwani inayomchoma mwenzio macho, too bright, mwambie ainamishe. Mtoto mwenye akili darasani naye bright. Ila mtu mweupe wa ngozi USIMWITE bright bana, atadhani unamsifia akili, hapo ni light. Na light blue ni bluu iliyopauka, kwahiyo bright blue ni kitu kingine kabisa.

Brilliant usihangaike nayo sana, Mwingereza ukimpa chai tu anakuambia brilliant, anamaanisha safi sana. Na wakikwambia bright and early ujue ni alfajiri, kalale mapema.